Neno Lenye Kitako cha Shaba

Mwaka 1763 manowari ya Uingereza iitwayo HMS Alarm, yenye mizinga 32, ilirudi kwao kutoka Karibi ikakaguliwa tumbo. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imevishwa mabamba membamba ya shaba sehemu yote inayozama majini. Lilikuwa jaribio. Wakaguzi walitaka kujua kama shaba imewazuia wadudu wanaotafuna mbao za meli.

Imewazuia. Palipobaki shaba, mbao zilikuwa nzima, na mwani haukuwa na pa kushika.

Shida ilikuwa kwingine. Sehemu nyingi shaba ilikuwa imebanduka na kupotelea baharini, kwa sababu misumari ya chuma iliyoishikilia ilikuwa imelika ikageuka uji wa kutu. Ajabu ni kwamba misumari mingine, palepale, ilikuwa salama. Walipochunguza wakaona kitu ambacho hakuna aliyekipanga: karatasi ya kahawia. Mabamba yalitoka kiwandani yamefungwa kwa karatasi, na mafundi hawakuibandua yote walipoyapigilia. Palipobaki karatasi kati ya shaba na chuma, msumari ulipona.

Karatasi ya kufungia mzigo.

Wiki kadhaa sasa tukio hili limenikaa kichwani, na kilichonipeleka huko hakikuwa hamu ya meli. Ni kivumishi cha Kiingereza, "copper-bottomed", kinachopenda kujitokeza magazetini watu wanapozungumzia mikopo, bajeti na ahadi za wanasiasa: kwamba fulani ametoa "copper-bottomed guarantee", au, mara nyingi zaidi, kwamba hakuna awezaye kuitoa. Kamusi inakwambia maana yake ni "-a kuaminika kabisa". Sawa. Lakini ukiisha kuijua habari ya HMS Alarm, huwezi tena kuisoma sentensi ile bila kujiuliza: na misumari je?

Sarufi kwanza, tumalizane nayo

Kivumishi hiki kina vipande vitatu. "Copper" ni nomino, shaba. "Bottom" ni nomino, chini au kitako. Kisha kuna kiambishi tamati "-ed", na hapo ndipo wengi wetu tuliosoma Kiingereza darasani tunapoteleza. Tulifundishwa kwamba "-ed" ni alama ya wakati uliopita, basi tukiiona tunatafuta kitenzi. Hapa hakuna kitenzi. Hii ni "-ed" nyingine, ya zamani sana, inayobandikwa kwenye nomino ili kusema "mwenye". Ni ileile iliyomo katika "blue-eyed", mwenye macho ya buluu, na "three-legged", chenye miguu mitatu. Hakuna aliyelifanya jicho kitendo.

Kwa Kiswahili kazi yote hiyo inafanywa na "-enye". Meli yenye kitako cha shaba. Na pale tunapotaka ufupi tunaitupa hata "-enye" tukabaki na viungo vitupu: kichwa maji, mkono birika. Anayeitwa mkono birika si mkono wala birika, ni mtu. Vivyo hivyo dhamana ya Kiingereza haina kitako wala shaba.

Kistari cha katikati kina kazi. Kinamzuia msomaji asifikirie vitu viwili, shaba halafu kitako, kabla hajafika kwenye nomino inayosifiwa. Kivumishi hiki karibu kila mara hutangulia nomino, na hakipendi kuongezewa kipimo: Mwingereza hasemi "very copper-bottomed". Kitu kimevishwa shaba au hakikuvishwa.

Kuhusu "bottom" yenyewe, Waingereza kwa karne nyingi wameitumia kwa maana ya sehemu ya meli iliyo ndani ya maji, na wafanyabiashara wakaipanua ikawa meli nzima. Ndiyo maana kuna mkopo wa kale uitwao "bottomry", ambao nahodha aliweza kuuchukua safarini kwa kuiweka meli rehani. Meli ikizama, na deni limezama nayo. Maana ya makalio ipo pia, na watoto wa Kiingereza huicheka, kama sisi tulivyo na tako la bunduki na hatushtuki.

Mdudu asiye mdudu

Adui aliyeleta haya yote anaitwa kwa Kilatini Teredo navalis, pamoja na ndugu zake wengi. Mabaharia wa Ulaya walimwita funza wa meli, lakini si funza, ni jamaa ya chaza na kome. Anazaliwa kama punje isiyoonekana ikielea majini, anatua kwenye ubao, anatoboa tundu dogo kama la sindano, na akiisha kuingia hatoki tena. Mwili wake unarefuka humo ndani. Magamba mawili madogo yaliyobaki kichwani ameyageuza tupa ya kukwangulia mbao, na njia anayopita anaipaka chokaa. Katika maji ya joto wapo wanaorefuka kupita kiasi cha mkono wa mtu mzima.

Ubaya wake ni kwamba kwa nje huoni kitu. Tundu la kuingilia halikui. Ubao unaweza kuwa laini na mzuri machoni huku ndani umekuwa kama sega la nyuki, kwa sababu kila mmoja hukwepa njia ya mwenzake na wote hufuata urefu wa nyuzi za mti. Fundi hugonga kwa nyundo akasikiliza. Ubao mzima hulia, uliotobolewa hujibu kwa sauti ya boksi tupu. Kolombo alizipoteza meli zake za mwisho namna hiyo. Mwaka 1503 ilibidi azikwamishe makusudi ufukweni Jamaica, kwa kuwa zilikuwa zimetobolewa hata pampu hazikufua dafu.

Adui wa pili hatoboi, anaganda. Mwani na makombe madogo yakishika chini ya meli, meli inaburuta bustani. Kwa meli ya biashara hiyo ni hasara ya siku. Kwa manowari ni suala la nani anamkamata nani.

Deheni, huku na kule

Hapa msomaji wa pwani ameshaanza kutabasamu, maana dawa anaijua. Maji yakitoka wakati wa bamvua, jahazi hulazwa mchangani. Ubavu mmoja hupitishiwa moto wa makuti makavu, haraka haraka, joto lipenye liwaue waliomo lakini ubao usishike moto. Kisha huja deheni: chokaa iliyokorogwa na shahamu ya mnyama, ikapakwa kwa mkono ikiwa bado ya moto, kuanzia mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, hadi usawa wa maji. Maji yakijaa na kutoka tena, ubavu wa pili. Kwa juu, mbao zisizogusa maji hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake hukufikia kabla ya chombo.

Deheni haidumu. Inamomonyoka, na baada ya miezi michache kazi inaanza upya. Ukiichelewesha ili uokoe siku mbili za safari, umewafungulia mlango wale wasiotoka wakiingia.

Wazungu walikuwa na deheni zao. Mapishi yao moja yalikuwa mafuta ya nyangumi, utomvu wa msonobari na kiberiti, mchanganyiko wenye rangi ya maziwa. Jingine lilikuwa lami tupu. Walikuwa pia na hila ya kupigilia ngozi ya pili ya mbao nyembamba juu ya mbao za meli, katikati wakaweka manyoya na lami. Mdudu akamaliza kutafuna ngozi hiyo, wakaibandua wakaweka nyingine. Katika karne ya 17 walijaribu risasi, ile metali, wakaona vyuma vya usukani vinalika, wakaiacha. Mwaka 1708 mtu aitwaye Charles Perry aliwapelekea wazo la shaba. Wakamwambia ni ghali.

Vyuma vya usukani vililika. Kumbuka hilo, maana wao walilisahau.

Msumari

Kinachotokea shaba inapogusana na chuma ndani ya maji ya bahari kinahitaji masharti matatu tu: metali mbili za tabia tofauti, maji ya chumvi yanayozigusa zote, na mguso wa metali kwa metali. Yakitimia hayo umeunda betri bila kukusudia. Chuma, kwa kuwa ndicho chepesi zaidi kuachia elektroni zake, hugeuka upande unaolika. Shaba hulindwa.

Kinachofanya hali iwe mbaya zaidi ni uwiano wa ukubwa. Bamba kubwa la shaba likiunganishwa na msumari mdogo wa chuma, njaa yote ya bamba inaangukia kwenye msumari. Ungegeuza, ukapigilia msumari wa shaba kwenye bamba kubwa la chuma, chuma kingelika pia, lakini polepole na kwa kusambaa. Fundi bomba yeyote aliyewahi kuunga bomba la shaba na kiungo kidogo cha geli, chuma kilichopakwa zinki, bila kutenganisha kwa plastiki ameyaona haya, na aliitwa kurekebisha mapema kuliko alivyotarajia.

Karatasi ya kahawia iliondoa sharti la tatu, ule mguso. Basi.

Unaweza kudhani baada ya HMS Alarm somo lilieleweka. Lilieleweka nusu. Misumari ya kushikia mabamba ilibadilishwa ikawa ya mchanganyiko wa shaba, na hilo likafanya kazi. Mabamba yenyewe yakapata vipimo vya kawaida, inchi 48 kwa 14, unene wa kama milimita moja, yakipangwa yakilaliana ili maji yanayopita yasiyafunue kingo. Mwaka 1778 Charles Middleton akawa mkuu wa bodi iliyosimamia ujenzi wa manowari, wakati Uingereza imezingirwa na vita na koloni zake za Marekani, na Ufaransa, kisha na Hispania. Meli hazikutosha. Shaba ilikuwa njia ya kuzifanya chache zifanye kazi ya nyingi, kwa kuwa meli iliyovikwa haihitaji kupandishwa gudini, mahali pakavu pa kukarabatia meli, mara kwa mara na inakimbia zaidi. Mfalme akakubali mwaka 1779. HMS Victory ilivishwa mwaka 1780 kwa mabamba 3,923. Januari mwaka huohuo, karibu na rasi ya São Vicente nchini Ureno, meli za Admirali Rodney zilizovikwa shaba ziliwafukuza Wahispania hadi usiku zikawafikia. Ndani ya miaka michache zaidi ya meli 300 zilikuwa zimevishwa.

Sasa njoo ndani ya meli. Mabamba yalishikwa na misumari mizuri, lakini mbao za meli yenyewe, mkuku na mataruma, yaani mbavu zake, zilikuwa zimefungwa kwa bolti kubwa za chuma zilizopenya hadi nje. Vichwa vya bolti hizo vilikuwa vimelala chini ya shaba, na maji ya bahari yanajua kupenya. Bodi ilifikiri karatasi itaokoa. Wakaipa hadhi ya utaratibu rasmi: karatasi nene zilizopakwa dawa, zikawekwa kati ya shaba na ubao wote. Ila karatasi ya HMS Alarm ililinda msumari mmoja mmoja kwa bahati, na kulinda meli nzima kwa karatasi ni jambo lingine. Tundu moja linatosha.

Kwa hiyo meli ilipandishwa gudini ikang'aa tumbo, ikasifiwa, ikashushwa. Ndani yake bolti zilizoshika mbavu zilikuwa zinapungua unene.

Hapa ndipo nilipokwama mimi kama msomaji. Hiyo ndiyo miaka ambayo neno lilikuwa linazaliwa. Lilitoka kwenye gati likiwa sifa, wakati ambao sifa yenyewe ilikuwa na kasoro iliyojificha chini yake.

Dawa ilikuwa kutengeneza bolti za shaba. Rahisi kusema. Shaba tupu ni laini; ukiipiga nyundo iingie kwenye mti wa mwaloni inapinda kabla haijafika nusu. Mwaka 1783 viwanda vilipata njia: fito ya shaba hupitishwa ikiwa baridi kati ya magurudumu yenye mifereji, tena na tena, kila mara kwa mfereji mwembamba zaidi. Kubanwa huko kunaifanya iwe ngumu kiasi cha kupigika. Thomas Williams, mfanyabiashara aliyeshika migodi ya shaba ya kisiwa cha Anglesey, alijitajirisha hapo, na bidhaa hiyohiyo aliwauzia pia mahasimu wa nchi yake. Bolti za shaba zikawa amri kwa manowari, na kufikia mwaka 1786 mjadala ulikuwa umekwisha.

Shaba hujila

Kuna jambo moja zaidi kabla sijaachana na bahari.

Shaba haimzuii mdudu kama ukuta unavyomzuia mwizi. Ukuta inao, kweli, hapenyi metali. Lakini uchafu unaoganda haukuwa na haja ya kupenya, na bado hauko. Sababu ni kwamba shaba huyeyuka kidogo kidogo majini. Chembe zake ni sumu kwa viumbe wachanga wanaotafuta pa kutua, na hata wakitua, tabaka la juu linabanduka nao. Bamba linafanya kazi kwa kupungua. Likiisha, unaweka jingine.

Sir Humphry Davy, mkemia mashuhuri kuliko wote Uingereza wakati huo, aliombwa azuie upotevu huo. Mwaka 1824 akatoa jibu, na lilikuwa sahihi kabisa. Tumia ile kanuni ya msumari, akasema, lakini kwa makusudi: funga kwenye shaba kipande cha zinki au cha chuma cha kusubu, na hicho ndicho kitakacholiwa. Aliona kwamba hata kipande chenye eneo kama moja ya mia ya eneo la shaba kilitosha kuilinda. Wakakijaribu kwenye HMS Samarang, wakaivusha Atlantiki hadi Nova Scotia na kuirudisha.

Shaba ilirudi haikupungua. Ilirudi pia imejaa mwani na makombe.

Davy alikuwa ameilinda shaba dhidi ya kazi yake. Isipoyeyuka haina sumu, na isipokuwa na sumu ni ukumbi wa kufanyia harusi ya viumbe vya baharini. Jeshi la majini likaliacha wazo hilo kwa manowari zinazosafiri. Kanuni yenyewe haikufa. Ukitazama chini ya mashine ya boti, kile kipande cha kijivu kilichofungwa kwa skrubu karibu na pangaboi ni mjukuu wa Davy, na kazi yake ni kulika. Fundi asiyejua huona kimechakaa akakipaka rangi kipendeze. Kikipakwa rangi kimekufa, na kinachofuata kulika ni mashine.

Baadaye, mwaka 1832, George Frederick Muntz wa Birmingham aliandikisha metali ya bei nafuu, shaba kama asilimia 60 na zinki 40, na meli za biashara zikaikimbilia. Tumbo la Cutty Sark, meli ya mwaka 1869 inayoonyeshwa Greenwich, linang'aa kwa rangi ya metali ya aina hiyo. Meli za chuma zilipotawala, mabamba yakaisha kazi, kwa sababu ile ile iliyoua misumari ya HMS Alarm. Shaba ikahamia ndani ya rangi, na mpaka leo rangi nyingi za kupakia chini ya vyombo zina oksidi yake.

Neno linapanda nchi kavu

Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza walikuwa wameshaanza kuvivisha shaba vitu visivyo meli. Mtu, hoja, biashara. Hakuna ajabu: kwa mwenye mali, meli iliyovikwa ilimaanisha bima nafuu na mzigo unaofika. Lloyd's Register, shirika la London la kukagua meli, walikuwa na utaratibu wa kuzipa meli madaraja, herufi kwa hali ya mwili na namba kwa vifaa, na daraja la juu, A1, nalo likatoka baharini likawa sifa ya kila kitu kizuri.

Wapo wanaosema asili ni sufuria, zile zenye tabaka la shaba chini ili moto uenee. Sufuria hizo zipo, lakini zilikuja neno limeshazeeka. Ila kwa sisi kosa hilo lina utamu wake, maana sufuria yenyewe imechukua jina kwenye sufuri, neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili kwa maana ya shaba. Leo unanunua sufuria ya aluminiamu na husikii kasoro yoyote. Metali ilitoka, jina likabaki jikoni.

Kiingereza kina vivumishi vingine vya ukoo huu. "Gilt-edged" ni wenye kingo za dhahabu, husemwa kwa hati za mkopo wa serikali. "Ironclad", yenye vazi la chuma, ilitoka kwenye manowari za miaka ya 1859 na 1860, na ndiyo inayopendwa zaidi na Wamarekani. Nimewahi kuona watu wakiziweka pamoja, dhamana ya "ironclad" na "copper-bottomed" kwa pumzi moja, wakidhani wanazidisha nguvu. Chuma na shaba, katika maji ya chumvi. Dhamana hiyo ningeitazama mara mbili.

Tutafsirije?

Rudi kwenye sentensi: hakuna mwenye "copper-bottomed guarantee" kwamba bei haitapanda.

"Dhamana yenye kitako cha shaba" inamwacha msomaji akicheka mahali pasipo na kicheko. Hilo halina mjadala.

"Dhamana madhubuti" na "hakikisho thabiti" ni sahihi, na zimechoka. Zimetumiwa kwa kila kitu, kuanzia ulinzi wa mipaka hadi ubora wa sabuni, kiasi kwamba hazitofautishi tena dhamana na dhamana. Kwa Kiingereza kivumishi hiki kinazidisha. Kinasema hii si dhamana ya kawaida. "Madhubuti" haizidishi.

Nilijaribiwa na deheni. "Ahadi iliyopakwa deheni." Ina mlio, ina chombo, ina pwani. Nikaiwazia siku kadhaa kabla ya kuitupa. Kwanza, msomaji wa Dodoma au Kisumu itabidi aelezwe, na sitiari inayoelezwa imeshapoteza safari. Pili, ambalo ndilo lililoniamulia, deheni kwa wanaoijua ni kitu cha kurudiwa kila baada ya miezi michache. Ahadi iliyopakwa deheni ingekuwa ahadi ya kukumbushwa kila bamvua. Labda ndivyo ahadi zilivyo, lakini mwandishi wa sentensi hakusema hivyo.

Kilichonifungua macho ni kutazama sentensi nzima badala ya kivumishi. Mara nyingi neno hili huja kwenye kukanusha. Kiswahili kina namna yake ya kukanusha uhakika, na haihitaji metali yoyote: "hakuna anayeweza kukuhakikishia kwa asilimia mia kwamba bei haitapanda." Kila mtu husema hivyo, daladalani na bungeni. Kuzidisha kumo, ukanushi umo, na nomino "dhamana" imegeuka kitenzi, mahali ambapo Kiswahili hupumua vizuri zaidi.

Kwenye kukubali, kazi ni ngumu kidogo. Serikali ikitoa dhamana ya aina hiyo kwa wenye akiba benki, ningeandika "dhamana kamili" kisha niseme inalipa nini, nani analipa, na kiasi gani. Kama mwandishi wa Kiingereza hakuyasema hayo, basi kivumishi chake kilikuwa kinafunika kitu, na mfasiri hana wajibu wa kukitafutia shaba nyingine. Ikiwa ni mkalimani, ana sekunde mbili: "dhamana ya uhakika kabisa", aende zake.

Nusu iliyoachwa gatini

Matangazo ya kuuza meli katika karne ya 19 yalikuwa na kawaida ya kutaja mambo mawili. Kwamba meli imevishwa shaba. Na kwamba ni "copper-fastened", yaani imefungwa kwa shaba: bolti zake, vile vitu vya ndani visivyoonekana, si chuma. Mnunuzi mwerevu alitafuta hilo la pili. La kwanza alikuwa anaweza kuliona mwenyewe kwa kuinama gudini; la pili ilimbidi aambiwe, au atoboe.

Kiingereza cha London kilipochukua sifa kwenda nayo mjini, kilichukua lile linalong'aa. "Copper-bottomed" likawa neno la wahariri na wanasiasa. "Copper-fastened" likabaki gatini na meli zake.

Isipokuwa Ireland. Huko limekuwa hata kitenzi, "copper-fasten", na wanasiasa na magazeti yao hulitumia kila siku: makubaliano hufungwa kwa shaba, sheria hufungwa kwa shaba, haki hufungwa kwa shaba ili serikali ijayo isiweze kuing'oa. Hilo, kwa Kiswahili, halinipi taabu hata kidogo. Tunalo tayari, na lina nyundo ndani yake: kupigilia msumari.

Wa shaba, lakini.